Bingwa Asiye na Uwanja

Wiki mbili zilizopita, katika semina ya uchumi wa kisiasa, mwanafunzi wangu mmoja aliufunga mjadala kwa maneno mawili: "Soko limeamua." Tulikuwa tukizungumzia taasisi ndogo za jamii, yaani maktaba, vyama vya ushirika na vilabu vya michezo, na hoja yake ilikuwa kwamba kisichoweza kujilipia hakina haki ya kulalamika kinapokufa. Wenzake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, nikawaruhusu waende, na tangu siku ile jibu ambalo sikulitoa limekuwa likinikaba. Ninalitoa leo, na mfano wangu unatoka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angepatarajia: ligi ya daraja la pili ya mbio za pikipiki nchini Uingereza, msimu wa 2018.

Mchezo wenyewe huitwa spidiwei. Niliujua nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko; mwenye nyumba wangu alinipeleka jioni moja, nikarudi na vumbi hadi ndani ya masikio. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Pikipiki zao zina injini ya sentimita za ujazo 500 inayotumia methanoli, zina gia moja tu, na hazina breki kabisa. Kona hupitwa kwa kuliacha gurudumu la nyuma liteleze. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho huambulia hewa. Timu ina watu saba, na pambano moja lina mbio 15. Waingereza wamekuwa wakiufuata mchezo huu tangu 1928, ulipofanyika mkutano maarufu wa High Beech katika msitu wa Epping.

Kuna kanuni moja ya ligi hii ambayo ningependa kila mwanafunzi wa siasa aijue. Kila mwendeshaji ana wastani wake wa pointi, na jumla ya wastani wa timu inapoundwa kabla ya msimu haiwezi kuvuka kikomo kilichowekwa. Timu ikifanya vizuri, wastani wa watu wake hupanda. Msimu unaofuata jumla huvuka kikomo, na bingwa hulazimika kuwaachia baadhi ya wale waliompa ubingwa. Wapo mashabiki wanaoilaani kanuni hii wakisema inaadhibu ushindi. Mimi naistahi. Ni jaribio la kweli la kumzuia mwenye fedha asiwahodhi wote wenye kipaji, na ligi nyingi za kandanda, pamoja na zile tunazozishangilia kila Jumamosi, hazijathubutu kufanya hata nusu yake.

Lakini tazama kilichotokea 2018. Workington Comets, klabu ya mji mdogo wa pwani ya Cumbria, ilitwaa kila kilichokuwa mezani katika daraja lile: ubingwa wa ligi, Kombe la Mtoano na Ngao. Workington ni mji wa makaa ya mawe na chuma. Reli zilizofuliwa pale zilisambaa duniani, hadi kiwanda cha reli kilipofungwa 2006. Klabu iliingia ligini 1970, ikafa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ikafufuka 1999. Katika mji uliokwisha kunyang'anywa sababu yake ya kuwapo, jioni za mbio uwanjani Derwent Park zilikuwa miongoni mwa mambo machache ambayo mzee aliyefua chuma na mjukuu wake waliweza kuyashangilia kwa sauti moja.

Msimu wa 2019 ulipoanza, bingwa hakuwepo. Mapato ya mlangoni hayakuweza kubeba gharama, na uwanja haukuwa mali ya klabu. Comets walikuwa wapangaji, pamoja na klabu ya raga.

Mwanafunzi wangu atasema: naam, soko. Basi tumtazame aliyeshindwa fainali. Lakeside Hammers wa Essex walifika fainali ile huku ardhi ikiondolewa chini ya miguu yao. Uwanja wao wa Arena Essex, ulioko Thurrock, ulitakiwa kwa ujenzi wa makazi, na kabla msimu haujaisha timu ililazimika kuhamishia mechi zake za nyumbani Rye House, Hoddesdon. Wenyeji wa Rye House nao walikuwa wamejitoa katika daraja la kwanza katikati ya msimu huohuo. Yaani timu iliyopoteza nyumba ilihamia katika nyumba iliyopoteza timu. Mwaka 2019 Lakeside nao hawakurudi. Ligi ikaanza bila bingwa na bila mshindi wa pili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoutafuta ugonjwa ndani ya mchezo wenyewe, katika kanuni zake, waendeshaji wake wanaojinunulia injini na kulipwa kwa pointi, au mashabiki wake wanaozeeka. Hayo yote yana uzito. Lakini ligi iligawa kwa usawa kila kilichokuwa mkononi mwake isipokuwa kile kimoja kilichoamua uhai wa vilabu, nacho ni ardhi. Ukiwagawia wapangaji pointi kwa haki, wanabaki wapangaji. Mwenye uwanja hahesabiwi wastani wala hawekewi kikomo.

Nalijua jibu la upande wa pili, tena si jibu la kipuuzi: Uingereza ina uhaba wa nyumba, na familia isiyo na pa kulala ina madai mazito kuliko shabiki wa pikipiki. Nakubali. Ila hoja hiyo si ya soko tena. Ni hoja ya mpango wa jamii, ya kuamua kipi kitangulie, na uamuzi wa namna hiyo una mezani pake, una saini na una jina la ofisi. Ajabu ni kwamba watu wengi huitaja familia isiyo na nyumba siku uwanja unapotakiwa, na hawaitaji tena siku bei za nyumba hizo zinapotangazwa.

Ushahidi wangu wa mwisho ni Oxford. Uwanja wa Cowley ulifungwa mwishoni mwa 2012, na maombi ya kujenga makazi pale yakapelekwa kwa halmashauri ya jiji. Halmashauri iliyakataa, kisha 2014 ikalitangaza eneo lile kuwa la hifadhi. Kwa miaka kadhaa uwanja ulisimama mtupu, majani yakiota, na nina hakika wapo waliowacheka wale maofisa kwa kulinda magofu. Mwaka 2022 Oxford Cheetahs walirudi kushindana katika daraja lilelile la pili, baada ya ukimya wa miaka mingi. (Mbio za mbwa nazo zilirudi, jambo ambalo silifurahii, lakini hilo tuliache.) Kilichobadilika si tabia ya soko. Maofisa wa mipango miji, watumishi wa umma wa aina yenu ninyi mnaonisoma baada ya saa za kazi, walisoma jalada na kuandika hapana, na kwa sababu hiyo palikuwa na mahali pa kurudi alipopatikana mtu wa kukodi.

Alhamisi tutaendelea na semina. Tutazilinganisha Thurrock na Oxford, tukiuliza katika kila hatua nani alikuwa na mamlaka gani na aliyatumiaje. Yule aliyesema soko limeamua ndiye atakayefungua mjadala. Nimeshamwarifu, naye ameniahidi kwamba hatanihurumia.