Mgongo wa Mfanyakazi Nao Ulindwe

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huu tumeusikia mara nyingi majukwaani, na sisi wenyewe tumeutamka mara nyingi. Lakini ni nadra kujiuliza mtaji huo umewekwa wapi. Kwa mchukuzi wa bandari ya Malindi, kwa mvuvi avutaye juya, kwa mchumaji wa karafuu wa Pemba na kwa mama wa mwani wa Paje, mtaji huo umewekwa mgongoni. Siku mgongo unapokataa, nyumba nzima hulala na njaa.

Ni jambo la kusikitisha kwamba maumivu ya mgongo, shingo na kiuno yamezoeleka mno visiwani mwetu hata yakahesabiwa kuwa sehemu ya umri. Mtu wa miaka 40 akiinuka kwa kushika ukuta huambiwa kwamba ndio utu uzima huo, naye hukubali. Sisi hatukubali. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowatia ulemavu watu wengi kuliko hayo.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili 33. Za juu 24 hucheza, na baina ya nyingi ya hizo mna visahani vya gegedu vinavyopokea kishindo cha kila hatua. Misuli inayousimamisha uti huo imeshika karibu nao sana, kiasi cha sentimita 5 hivi nyuma yake. Mtu anapoinama na kuushika mzigo wa kilo 20 mbele yake kwa umbali wa nusu mita, misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili asianguke kifudifudi. Hiyo ni hesabu ya mtaimbo tuliyofundishwa skuli, na hapo ndipo ilipo siri ya nasaha zote za mgongo: mzigo uwe karibu na mwili.

Ulimwenguni ipo fani ya kuushughulikia mgongo kwa mikono, iitwayo kiropraktiki, iliyoanzishwa na D. D. Palmer katika mji wa Davenport, Marekani, mwaka 1895. Madai ya mwanzilishi wake kwamba takriban maradhi yote chanzo chake ni uti wa mgongo hayakuthibitishwa na sayansi. Hata hivyo, mawaidha ya kila siku yatolewayo na watu wa fani hiyo, na ambayo wataalamu wa viungo wa hospitali pia huyatoa, yana manufaa makubwa wala hayahitaji fedha. Tunaona ni wajibu wetu kuyaleta hapa kwa namna ya maisha yetu.

Tuanze na mzigo. Asiinue mtu mzigo kwa kujikunja kiuno na kunyoosha magoti. Aukaribie, atanue miguu, apinde magoti na nyonga, aukumbatie kifuani, kisha ainuke kwa nguvu za mapaja. Akitaka kugeuka ageuze miguu, asisokote kiuno huku ameshika mzigo. Ukiwa mzito, aite mwenzake. Mama abebaye ndoo kichwani atumie kata, apunguze maji, na atuliwe na mtu wa pili, kwa maana shingo huumia zaidi wakati wa kutwisha na kutua.

Nyumbani, tuutazame ufagio wa chelewa. Mama au binti hufagia ua mzima ameinama kwa sababu tu ufagio hauna mpini. Fimbo moja ya mita moja na kipande cha kamba vingemnyoosha mgongo leo hii. Anayekuna nazi juu ya mbuzi na anayechambua mchele juu ya kigoda kifupi wainuke kila baada ya dakika chache, wajinyooshe, kisha warudi kazini.

Kazi ya mwani iliyoshika pwani zetu za mashariki tangu mwaka 1989 ni kazi ya bamvua. Maji yakitoka, mama zetu huinama kwa saa nyingi kufunga mbegu kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi, kisha huubeba mwani uliolowa maji hadi nchi kavu. Tunawashauri sehemu ya kufunga mbegu ifanyiwe ufukweni, wakiwa wamekaa kitako mahali pa kuegemea, na mwani uachwe uchuruzike maji kabla ya kubebwa.

Nao maofisa wasidhani wamesalimika kwa kuwa hawabebi polo. Kukaa kitini tangu asubuhi hadi adhuhuri, shingo imeinamia mafaili au simu, huuchosha mgongo hali kadhalika. Tuliosoma chuoni tumefundishwa kwamba mwili una haki zake juu ya mwenyewe. Haki mojawapo ni kusimama kila baada ya nusu saa na kutembea hatua chache. Usiku, alalaye kifudifudi huisokota shingo yake mpaka alfajiri. Bora alale ubavu na kuweka mto baina ya magoti.

Mgongo ukishauma, dawa si kulala kitandani wiki nzima. Maumivu mengi ya ghafla hupoa katika wiki chache, na huwahi kupoa kwa yule anayeendelea na shughuli nyepesi na kutembea kadiri awezavyo. Kitambaa cha moto husaidia. Mkono wa mkandaji pia husaidia, nasi tunawaheshimu wakandaji wetu waliorithi kazi yao kwa mama na nyanya zao. Lakini tunawasihi wasisokote shingo ya mtu kwa nguvu. Madaktari wameandika juu ya watu waliochanika mshipa wa damu wa shingoni kwa kitendo hicho, wakapatwa na kiharusi.

Aidha ziko dalili zisizotaka mkandaji wala subira. Mtu akipata ganzi baina ya mapaja, akishindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, mguu ukilegea, au maumivu yakifuatana na homa na kukonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi asinyanyuliwe kwa makwapa na kukunjwa ndani ya gari. Mtu mmoja akishike kichwa chake kisitikisike, na wengine wamlaze juu ya ubao au mlango, mwili wake wote ukiwa umenyooka. Wapo waliovunjika pingili kwa kuanguka, kisha wakapoozeshwa na huruma ya waokoaji.

Hayo ni ya wananchi. Sasa tunawageukia wenye mamlaka, kwa sababu nasaha peke yake yaweza kuwa kisingizio. Mchukuzi aliyetwishwa polo la kilo 100 la viazi kutoka Bara, lililojazwa hata likafanyiwa kilemba, tumwambie apinde magoti vipi? Hapo kosa halimo katika magoti yake. Limo katika polo.

Na hapa hatuna budi kukiri makosa yetu wenyewe. Katika kambi za vijana tulizopitia, aliyebeba mifuko miwili ya saruji kwa pamoja, yaani kilo 100, ndiye aliyepigiwa makofi, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliopiga. Tuliita ule ushujaa. Leo tunawaona baadhi ya mashujaa wale wakipanda ngazi kwa taabu, na hakuna aliye tayari kuwapigia makofi.

Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 127, unaokataza mfanyakazi kubebeshwa mzigo ambao uzito wake waweza kumdhuru, na unaotaka wachukuzi wafundishwe namna ya kubeba kabla ya kuanza kazi. Pendekezo lililofuatana nao lilitaja kilo 55 kuwa kipimo cha juu kwa mwanamume mtu mzima, na kipungue sana kwa mwanamke na kijana. Hata kilo 55 si nyepesi: mwaka 1991 taasisi ya usalama kazini ya Marekani iliweka kilo 23 kwa mzigo unaoinuliwa katika hali bora kabisa. Nasi Zanzibar tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2005. Sheria ikiwa kabatini haimpunguzii mtu hata ratili moja.

Kwa hiyo tunatoa wito wa mambo matatu. Kwanza, wahusika wa bandari na masoko, Unguja na Pemba, waweke ukomo wa uzito wa polo linalobebwa na mtu mmoja, na mizani iwepo gatini ya kuupima. Litakalozidi lipunguzwe au liende kwa mkokoteni. Asiye na uwezo wa kukataa mzigo asiachiwe peke yake kazi ya kuukataa. Pili, wataalamu wa viungo wasingojee wagonjwa hospitalini tu, bali wapangiwe siku za kwenda bandarini, mashambani na kwenye vikundi vya mwani, pamoja na masheha, kuonyesha kwa vitendo haya tuliyoyaeleza. Tatu, skuli zifundishe namna ya kuinua na kukaa, na walimu wautazame uzito wa mikoba ya watoto.

Huenda akatokea wa kusema kwamba mambo hayo yatapunguza kasi ya kazi na kuongeza gharama. Tunamjibu kwamba gharama ipo tangu zamani. Tofauti ni nani anayeilipa. Sasa analipa mchukuzi, kwa miaka 20 ya mwisho ya maisha yake, na analipa mwanawe anayeacha masomo ili akalichukue polo lile lile.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wananchi walitangaziwa matibabu bila ya malipo, ili maskini asife kwa kukosa fedha. Dhamira hiyo haitakamilika iwapo tutangoja mtu avunjike ndipo tumpokee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mgongo ukishabomoka, fundi wake hapatikani kwa urahisi. Mizani iwekwe gatini sasa, kabla ya msimu mwingine wa karafuu.