Baada ya Mahafali, Kijana Anabaki na Nini?

Mwaka 2008 shirika la BRAC, ambalo Fazle Hasan Abed alilianzisha Bangladesh mwaka 1972, lilianza kufungua vilabu vya wasichana nchini Uganda. Msichana wa miaka 14 hadi 20, awe bado yuko shule au ameshaacha, alikuwa na mahali pa kwenda alasiri, siku tano kwa wiki. Aliyewapokea pale hakuwa mgeni kutoka makao makuu. Alikuwa dada wa kijiji hichohicho, aliyewapita umri kidogo, akilipwa posho ndogo kwa kuwalea wenzake. Walicheza, walisoma, walizungumza mambo ya mwili wao, ndoa na haki zao. Wale waliotaka walifundishwa pia kazi za mikono: ususi, ushonaji, kilimo, ufugaji wa kuku.

Watafiti walivilinganisha vijiji vyenye vilabu na vijiji visivyokuwa navyo. Baada ya miaka minne, wasichana wenye shughuli ya kuwaingizia kipato walikuwa wameongezeka kwa asilimia 48 ukilinganisha na hali ya mwanzo. Mimba za utotoni zilipungua kwa theluthi moja. Wasichana waliosema kuwa wamelazimishwa tendo la ndoa nao walipungua kwa karibu theluthi. Mimi huzisoma takwimu hizi kwa pamoja, maana ndani ya nyumba maskini mambo hayo hayatengani. Binti anayejinunulia mwenyewe sabuni, pedi na daftari, na mwenye dada mkubwa wa kumweleza yanayomsibu, ana nguvu ya kumkatalia mtu ambayo mwenzake hana.

Mpango huohuo ulipelekwa pia Tanzania. Jina lilikuwa lilelile, na mbinu zilezile. Lakini watafiti walipokuja kupima, hawakuona mabadiliko waliyoyaona Uganda. Mikopo midogo ilipoongezwa, mahudhurio klabuni yalipanda na wasichana wakaweka akiba zaidi, ila yale mageuzi makubwa ya maisha hayakuonekana. Sababu waliyoitaja haikuwa uvivu wa wasichana wa Kitanzania wala ugumu wa mila zetu. Ilikuwa uhaba wa rasilimali. Vyumba vya kukutania, vifaa na mafunzo ya walezi havikufikia kiwango cha Uganda.

Kisa hiki kinastahili kuwekwa mezani kila shirika linapoandika andiko la mradi wa vijana. Tumezoea kubishana kama mafunzo ya ujasiriamali yanasaidia au hayasaidii, kana kwamba mafunzo ni kitu kimoja. Hapa tuna mpango mmoja, wa shirika moja, katika nchi mbili jirani. Kule ulibadilisha maisha, huku haukuyagusa sana, na palipotofautiana ni mambo ambayo wafadhili hupenda kuyakata kwanza kwenye bajeti: kodi ya chumba, mafunzo ya mlezi, vitambaa vya kujifunzia, vyerehani vya kutosha ili wasichana kumi wasigombanie kimoja.

Mashirika mengi yanayofanya kazi na vijana wa mitaani kwetu yanaongozwa na watu wenye moyo, na baadhi yao wameacha kazi zenye mishahara mizuri. Nawaheshimu. Lakini mfumo wa fedha wanaoutegemea unawasukuma upande mmoja tu, wa kuhesabu vichwa. Ripoti inauliza vijana wangapi wamefikiwa. Basi wanakodi ukumbi kwa siku tatu, wanaleta mwezeshaji, vijana mia mbili wanasikia habari za kuthubutu na kubadili mtazamo, wanapewa soda, fulana na cheti, picha ya pamoja inapigwa. Siku ya nne kila mmoja yuko kijiweni alikotoka. Kwenye karatasi, mia mbili wamewezeshwa.

Ndani ya mafunzo ya namna hiyo kuna dhana inayonikera: kwamba kijana maskini ni maskini kwa sababu hana wazo. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki soko la Feri, Dar es Salaam, akawauza mchana, jioni akawa deiwaka, yaani kibarua wa siku, kwenye daladala, huyo umfundishe kuthubutu? Anathubutu kila siku kuliko sisi tunaoandika makala. Anachokosa kinaweza kutajwa kwa jina na bei.

Sisemi kwamba kufundisha akili na tabia ya biashara ni bure. Huko Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipata somo la kawaida la biashara: hesabu, masoko, mipango. Jingine lilifundishwa kujituma, kutafuta fursa bila kusubiri kuelekezwa, kuweka malengo na kutokata tamaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha faida ya kundi hili la pili ikipanda kwa asilimia 30, wakati la kwanza ongezeko lake lilikuwa dogo kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati. Ila hao wa Togo walikuwa tayari na biashara. Walikuwa na meza, bidhaa na wateja, kwa hiyo somo lilipata mahali pa kushika. Kwa kijana asiye na hata meza, mambo ni mengine.

Ushahidi ninaouegemea zaidi unatoka Uganda Kaskazini. Eneo lile lilipigwa na vita vya Joseph Kony na jeshi lake la LRA kwa miaka mingi, watu wakaishi kambini, watoto wakatekwa. Utulivu ulianza kurudi mwaka 2006. Serikali iliwaambia vijana wajiunge katika vikundi na kuandika wenyewe ombi la fedha: mnataka kujifunza kazi gani, nani atawafundisha, mtanunua vifaa gani. Maombi yalikuwa mengi kuliko fedha, hivyo miongoni mwa vikundi 535 vilivyofaa, 265 vilichaguliwa kwa kura. Kila kikundi kilipata kwa wastani dola 7,500, sawa na kama dola 382 kwa mtu. Zikaingia benki kwa mkupuo. Hakuna aliyekuja kuwasimamia.

Wengi tungetabiri pombe na pikipiki. Vijana wale walinunua vyerehani, zana za useremala, mashine za kuchomelea, vifaa vya saluni. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye vifaa na malighafi, na sehemu ndogo ikamlipa fundi wa eneo hilo awafundishe. Baada ya miaka minne, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao waliokosa kwa kura, na mali za biashara zilikuwa juu kwa asilimia 57. Hawakupelekwa semina ya mtazamo. Waliaminiwa, wakapewa nyenzo, wakajichagulia mwalimu.

Kwa wanaopigia debe ruzuku, hapo ndipo hadithi hukatizwa. Mimi siwezi kuikatiza, maana watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa. Walikuta wale waliokosa ruzuku wamewafikia wenzao kwa kipato na matumizi ya nyumbani. Taratibu, kwa vibarua na biashara ndogondogo, nao walikuwa wamepanda. Waliopata ruzuku bado walikuwa na mali zaidi na walikuwa wengi zaidi kwenye kazi za ufundi, lakini pengo la kipato lilikuwa limezibika.

Wapo wanaosema basi, fedha zilipotea. Hesabu hiyo siikubali. Mzazi aliyepata kipato kikubwa zaidi katika miaka ya kwanza, wakati mtoto wake ana umri wa miaka miwili, mitatu, minne, amemlisha mtoto huyo katika umri ambao haurudi. Kwa kijana aliyetoka kambini, kumpunguzia miaka kadhaa ya dhiki ni jambo kubwa. Ninachokiona kwenye matokeo ya mwaka wa tisa ni kwamba ruzuku moja humwinua mtu hadi mahali fulani, kisha hukwama pale soko lilipokwama. Fundi cherehani wa kumi na moja katika kijiji cha wakulima wasio na hela hatajirishwi na cherehani. Tatizo hilo, shirika lisilo la kiserikali haliwezi kulimaliza peke yake. Linahitaji barabara, umeme na bei nzuri ya mazao, na hizo ni kazi za serikali.

Ndiyo maana wengine husema tuachane na ujasiriamali, tujenge viwanda vijana waajiriwe. Natamani viwanda kama wao. Lakini kiwanda chochote hakitoshi kwa kuwa tu kimejengwa. Nchini Ethiopia karibu vijana elfu moja walioomba kazi viwandani waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa kazi hizo, baadhi dola 300 na mafunzo mafupi ya biashara, na wengine hawakupewa kitu. Theluthi ya walioajiriwa waliacha kazi ndani ya mwezi wa kwanza, na zaidi ya robo tatu walikuwa wameondoka kabla ya mwaka kwisha. Mishahara haikuzidi walichoweza kupata mtaani, na waliofanya kazi huko walieleza matatizo zaidi ya afya. Waliopewa mtaji walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 33 baada ya mwaka mmoja. Miaka mitano baadaye makundi yote yalikuwa yamelingana. Kwa maneno mengine, kwenye kiwanda na kwenye mtaji vilevile, msaada wa mara moja haufiki mbali sana.

Kuna jambo jingine dogo kwa sura ambalo naona mashirika yetu yanalidharau, nalo ni cheti cha ufundi. Sizungumzii cheti cha ushiriki. Nasema kile ambacho mwajiri anakitambua. Utafiti mwingine uliofanywa kwa kushirikiana na BRAC nchini Uganda uliwafuatilia wafanyakazi vijana 1,700. Baadhi walisomeshwa chuo cha ufundi kwa miezi sita, wengine walifundishwa kazini na mwajiri aliyelipwa motisha. Wote walinufaika, lakini wa chuo waliwapita wenzao. Mwanagenzi anayefundishwa gereji hujua kazi ya gereji ile, na siku akigombana na bosi hana cha kumwonyesha bosi mwingine. Hapa kwetu mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anafundishwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Ni mpango mzuri sana na bado haujulikani vya kutosha. Shirika linaloweza kulipia vijana thelathini wapitie hapo litakuwa limewasaidia kuliko ukumbi uliojaa watu mia mbili.

Tuseme binti wa Tandale amemaliza mafunzo ya ushonaji na cheti anacho. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mbele. Anahitaji cherehani, meza, pasi, mita kadhaa za vitambaa vya kuanzia. Benki inamuuliza dhamana. Anayempa fedha leo leo, bila maswali mengi, ni wakala wa mikopo tuliyoipa jina la kausha damu, ambayo marejesho yake huanza kabla mteja wa kwanza hajafika. Atashona mwezi mmoja, cherehani itachukuliwa, na mtaa utasema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Kisheria, binti huyu ana mlango mwingine. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi vya kutilia shaka, kisha ikarejeshwa mwaka 2024, baadhi ya halmashauri zikianza kuipitisha benki. Nilifurahi iliporejeshwa. Lakini dosari yake ya msingi ipo palepale. Wanaotakiwa kuunda kikundi, kuandika katiba, kufungua akaunti na kupanga biashara ni watu ambao hawajawahi kufanya lolote kati ya hayo, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ana makumi ya vikundi na hana usafiri.

Hapa naona mahali pa mashirika kuliko penginepo. Wana wawezeshaji, wana muda na vijana, na mara nyingi wana gari. Badala ya kumaliza kwa mahafali, waanze hapo: kikundi kisajiliwe kabla mradi haujafungwa, vifaa vya kuanzia vitolewe na shirika ili mkopo wa halmashauri uje kukuza kitu kilichopo, na mlezi awatembelee kwa miaka miwili. Si mkaguzi. Awe mtu wa kuwauliza mteja gani hajalipa na mashine ipi imeharibika.

Gharama yake naijua. Fedha iliyokuwa inafikia vijana elfu moja itafikia labda mia moja. Mkurugenzi atalazimika kumwandikia mfadhili kwamba idadi imeshuka, na mfadhili asiyejiandaa anaweza kuhamia kwa shirika lenye ukumbi mkubwa zaidi. Hivyo mazungumzo na mfadhili yafanyike kabla ya kusaini, na fomu ya ripoti ibadilishwe ili iwe na swali moja linalojibiwa miezi 24 baada ya mafunzo: kijana huyu anaingiza kiasi gani kwa mwezi, na vifaa anavyotumia ni vya nani? Fedha za kumtafuta na kumuuliza ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na kodi ya chumba na posho ya yule dada wa kijiji.