Kipyenga Hakina Mwenyewe

Jioni ya Jumapili timu mbili zimekwisha kuvaa jezi, mpira umejaa upepo, na watazamaji wameuzunguka uwanja. Lakini mwamuzi hayupo. Hapo ndipo kipyenga hupewa mchezaji mwenye mguu mbovu, au ndugu wa kocha. Bao la kwanza likikataliwa, ugomvi huanza. Hali hii yaonekana nchini Uganda katika viwanja vya kambi, vya vituo vya polisi na vya vijiji jirani, nayo si ndogo, kwani mechi iliyokusudiwa kuwapatanisha askari na raia huweza kuwafarakanisha.

Wengi hudhani kwamba kinachokosekana ni mafunzo. Kanuni za kandanda ni 17 tu, na mtu mwenye bidii huzielewa upesi. Mtihani hasa ni msimu wa kwanza. Kijana hutukanwa na watu wenye umri wa baba yake, mbele ya rafiki zake, na baada ya mechi mbili tatu harudi tena. Kuwaita waamuzi wapya bila kuwalinda ni kuteka maji kwa pakacha.

Uingereza, ambako mtu aweza kuanza uamuzi akiwa na miaka 14, walitafuta dawa. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2017, ligi 31 za chini zilimtoa nje kwa dakika 10 mchezaji aliyembishia mwamuzi. Ubishi ulipungua kwa asilimia 38, na tangu msimu wa 2019/20 adhabu hiyo ikaenea katika ligi za ngazi hizo. Kanuni za kimataifa zairuhusu katika mechi za vijana, za maveterani na za mitaani, nayo haihitaji fedha.

Ni nani basi waitwe? Wachezaji waliostaafu, walimu, na askari wa trafiki, ambao wamezoea kusimamisha lori kwa kuinua mkono. (Hata kadi za njano na nyekundu, zilizoanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970, Ken Aston alizibuni kutokana na taa za barabarani.) Ila askari asipewe mechi ya kikosi chake, hata akiwa mwadilifu namna gani.

Wanawake nao wasiachwe. Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea mjini Yaoundé tarehe 18 Januari 2022, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mabinti wangapi wa kambini wanaijua kandanda kuliko kaka zao?

Mwanafunzi wa uamuzi aanzie mechi za watoto, na mwamuzi mzoefu asimame kando ya uwanja ili amwelekeze wakati wa mapumziko. Apewe nauli kabla ya mpira kuanza, si baada ya matokeo kujulikana. Na kocha anayetukana aondolewe uwanjani na mkuu wa kambi mwenyewe, siku hiyo hiyo, watu wote wakiona.