Ukienda Tabora, Pitia Mgunda Mkali

Mshairi akisema anakwenda kuzuru mji wa kale, sote twajua njia itamfikisha wapi: Lamu, Mombasa, Mji Mkongwe wa Unguja, Bagamoyo, au Kilwa Kisiwani akiwa na wasaa. Sina neno na safari hizo. Nina neno na fikra iliyojificha ndani yake, kwamba Kiswahili kina makaburi na magofu yake pwani tu, na kwamba sisi wa bara tulikipokea kama mtu apokeavyo barua iliyokwisha kuandikwa. Hapa Mungaa wageni wanaoelekea magharibi huniuliza jambo moja tu kuhusu Tabora: basi gani husafiri usiku, ili waamke wamefika. Jibu langu halijabadilika. Msiende usiku, na kama hamna haraka msipite njia ya Nzega. Tokeni Ikungi mpaka Manyoni, kisha elekeeni magharibi kwa njia ya Itigi, mchana kweupe.

Sababu ya kwanza ni jina. Nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika mkoa wetu wa Singida, misafara ya karne ya 19 iliiita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba katika lugha kadhaa za Kibantu, na ukali wake ni wa jua, kiu na vichaka. Hapakuwa na vijiji vya kutegemea wala maji ya uhakika, na msafara ulioingia bila akiba uliweza kuacha watu njiani. Richard Burton aliyevuka mwaka 1857 aliliandika jina hilo, lakini hakulitunga yeye. Lilikuwa midomoni mwa wapagazi kabla hajafika. Kwa watu wa vina na mizani niongeze kwamba jina lina mizani sita, na ukilitangulizia “kule” umekwisha kupata kipande kizima cha mizani minane. Ni ajabu kwamba halijazoeleka katika tungo zetu. Leo utavuka kwa saa chache, juu ya lami, huku vichaka vya Itigi vimesimama pande zote mbili kama ukuta usio na dirisha. Usilale. Tazama.

Kabla ya kufika huko, ukiwa Manyoni, uliza njia ya Kilimatinde. Kijiji hicho kimekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na msafara uliotoka Ugogo ulikuwa ukipanda pale kabla ya kuikabili nyika. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, ikavitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Watu wengi wa Singida niliozungumza nao hawajui kwamba kituo kimojawapo ni chetu. Nami nilichelewa kujua.

Sababu ya pili ni maneno, na hapa ndipo nataka washairi wenzangu watue mzigo. Chukua neno “hongo”. Leo ni fedha inayopita chini ya meza, na gazeti halimalizi wiki bila kulitaja. Katika njia hii hongo ilitolewa hadharani, nayo ilikuwa ada ya kupita aliyotozwa mwenye msafara na mtemi wa nchi, mara nyingi kwa nguo na shanga, na watemi wa Ugogo walisifika kwa kutokubali kidogo. Chukua na “posho”, ambayo sasa ni malipo ya kikao, nayo zamani ilikuwa chakula cha siku alichopimiwa mpagazi. Neno “merikani” lilikuwa kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, kikawa sawa na fedha mkononi. Na yuko “kirangozi”, aliyetangulia mbele ya msafara, jina lililo jamaa ya karibu na “kiongozi” wetu wa leo. Kamusi itakupa maana za maneno hayo. Haitakupa umbali uliopo kati ya maana ya jana na ya leo. Huo wapaswa kuutembea, na kwa maoni yangu mtu aliyesimama Kilimatinde akatazama bonde lile chini yake hataliandika tena neno hongo kwa wepesi aliouzoea.

Najua nitajibiwa kwamba Kiswahili cha bara si fasaha, na kwamba mtu haendi bara kutafuta lugha. Basi tukumbushane. Lahaja ya Kiunguja ilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, mojawapo ya nguvu za Kiunguja ilikuwa kwamba kilikwisha kutembea. Kilifika Tabora na Ujiji miguuni mwa watu, kabla ya shule na kabla ya kamati. Kiamu na Kimvita vilikuwa na utenzi na shairi la kujivunia. Kiunguja kilikuwa na njia.

Ukifika Tabora usianze na majengo. Anza na majina ya kata, maana mji ule waweza kusomwa kama kitabu cha tabaka tatu. Kuna Itetemia na Isevya, majina ya wenyeji. Kuna Mtendeni, Ng’ambo na Kidongo Chekundu, majina ambayo mtu wa Unguja akiyasikia hugeuza shingo akidhani anaitwa nyumbani. Ng’ambo ya Unguja ina maana iliyo wazi kwa kila aliyeujua mkono wa bahari uliokuwa ukiitenga na Mji Mkongwe. Ng’ambo ya Tabora iko mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Mtu aliyebeba jina la mtaa wake akalitua katikati ya nchi alikuwa anafanya kazi ya mshairi, hata kama hakujua. Kisha kuna Tambuka Reli, jina lililozaliwa baada ya reli ya Wajerumani kufika mwaka 1912. Tembea kwa miguu toka kata hadi kata, uliza kila mzee asili ya jina la mtaa wake, na uandike hata majibu yanayopingana.

Mengine ya mjini nitayapitia upesi kwa kuwa kila mwongozo unayo: stesheni, boma la Wajerumani (omba ruhusa kabla ya kupiga picha), shule ya wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1937. Moja tu nilikazie. Ni katika mji huu, Januari 1958, TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, na uamuzi ule ukabaki na jina la Uamuzi wa Busara. Mtu wa lugha ajiulize ni maazimio mangapi ya siasa yamepewa jina likaendelea kukumbukwa na watu wasiokumbuka tena azimio lenyewe lilisemaje.

Nje kidogo ya mji kuna Kwihara, na tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Alifika na Stanley mwezi Februari. Stanley akaondoka Machi, naye akangoja peke yake mpaka Agosti. Watalii huenda kwa ajili yake. Ningependa mwende kwa ajili ya wengine. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake kuelekea pwani. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, afisa wa Kiingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akashauri mwili uzikwe hapa hapa. Wakakataa. Hebu fikirini ukumbi ule: wapagazi waliochoka, hawana mali, mbele yao afisa mwenye silaha na vyeo, na jibu lao ni hapana. Februari 1874 mwili ulikuwa Bagamoyo. Tumetungia mashujaa wengi wa upanga. Hapana ile ya Kwihara bado inasubiri utenzi wake.

Ila msije mkaipamba njia hii kupita kiasi. Ni njia ya utumwa. Miembe mnayoipigia picha Tabora, husimuliwa kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na waliopita wamefungwa. Kitabu bora cha kubeba mkobani ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu; ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu, na baba yake alikuwa na makazi pande hizi. Nathari yake ni kavu na ya kuvutia, na mwandishi wake alifanya biashara ya pembe na watu. Mambo yote mawili ni kweli katika ukurasa mmoja. Asiyeweza kuyasoma pamoja ni afadhali akae nyumbani na tungo za mapenzi.

Nina ombi pia, na limetokana na uchungu. Katika mahali pamoja pa kale, ambapo sitapataja, nililipa kiingilio, nikakuta kila maelezo ukutani ni ya Kiingereza, na kijana aliyenipokea akayasoma kwa Kiingereza, mimi na yeye tukiwa Watanzania wawili peke yetu chumbani. Nilipomwomba anisimulie kwa Kiswahili alicheka kwa aibu, akasema hajafundishwa hivyo. Sikumlaumu. Wanaoweza kuandika maneno yale ukutani, mistari mitatu iliyopimwa kwa kila kitu kilichooneshwa, ni sisi tunaokesha tukibishana juu ya vina vya kati. Popote mtakapokwenda, ombeni mwenyeji asimulie kwa Kiswahili, na mkiweza acheni maandishi ya Kiswahili nyuma yenu.

Neno lenyewe “tembe” ni la kuanzia. Kamusini ni kuku jike, ni kidonge, na ni nyumba ya udongo yenye paa bapa. Maana ya tatu ndiyo waliyozaliwa ndani yake bibi zetu hapa Unyaturu, na bati linaifuta mwaka hadi mwaka. Siwadai watu warudi katika udongo. Bati halivuji, na aliyewahi kulala chini ya tembe lililovuja anajua. Lakini viko vitu ndani ya nyumba ile, nguzo, pembe, mahali pa mifugo na mahali pa nafaka, ambavyo vina majina ya Kinyaturu na havijapata majina ya Kiswahili, na wanaoyajua majina hayo ni wazee.

Mkimaliza, nunueni asali ya Tabora na michembe sokoni, mrudi kwa njia ile ile ya Itigi. Mkipita Mungaa, ulizeni nyumba ya mtu wa mashairi. Mbuzi atanisamehe, lakini kuku hatapona, naye nitawaachia mabishano kama ni tembe au si tembe.