Wati Nyingi Si Muziki Mzuri: Uchaguzi wa Vyombo vya Sauti kwa Bendi na Viwanja vya Vijijini

Imezoeleka nchini kwamba bendi husifiwa kwa wingi wa spika zake hata kabla haijapiga wimbo wa kwanza. Mwenye shughuli aulizapo juu ya vyombo, hutajiwa wati. Na mwenye wati nyingi ndiye apewaye kazi. Kipimo hicho ni kibovu. Huwagharimu wenye bendi fedha nyingi, huwanyima wasikilizaji maneno waliyoyafuata, na huumiza masikio ya watoto na wanamuziki. Vyombo vya sauti yapasa vichaguliwe kwa kutazama kwanza mahali na watu, kisha umeme uliopo. Wati ziwe jambo la mwisho.

Chukua mfano wa kata ya Mtunda, wilayani Kibiti, katika nchi tambarare ya Rufiji. Huko, kama katika vijiji vingi vya Pwani, harusi na shughuli nyingine kubwa hufanyika uwanjani, chini ya miti au turubai. Bendi itokayo mjini na vyombo vilivyozoea ukumbi huvishusha hapo na kuvipanga vilevile kama ukumbini. Hapo ndipo makosa huanza, kwani kwa kanuni za sauti uwanja na ukumbi ni vitu viwili mbalimbali.

Uwanjani hakuna ukuta wala dari ya kuirudisha sauti. Kila umbali kutoka kwenye spika unapozidi mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Spika inayotoa desibeli 106 kwa mtu aliye umbali wa mita 4, itamfikia wa mita 8 kwa desibeli 100, wa mita 16 kwa desibeli 94, na wa mita 32 kwa desibeli 88. Watu wa nyuma wakilalamika, fundi mitambo huongeza sauti. Lakini kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida, ilhali watoto waliokaa mbele wanazidi kuumia.

Dawa yake si nguvu, bali mpango. Spika zikiinuliwa juu ya vichwa vya watu na kuinamishwa kidogo kuelekea nyuma ya uwanja, tofauti kati ya wa mbele na wa nyuma hupungua, wala miili ya watu haiizuii sauti. Uwanja ukiwa mrefu, yafaa jozi nyingine ndogo ya spika iwekwe katikati. Hata hivyo, sauti husafiri mita 35 kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde; kwa hiyo spika za katikati hazina budi kucheleweshwa kwa kiasi hichohicho cha umbali wake, la sivyo kila neno litasikika mara mbili. Mikisa nyingi za siku hizi zina uwezo wa kufanya kazi hiyo.

Jambo la pili ni wepesi wa spika, yaani kiasi cha sauti itoayo kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 98 ikipewa wati 100 hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 88 iliyopewa wati 1,000. Mahali ambapo muziki unategemea jenereta, tofauti hiyo ni mafuta ya usiku mzima, nayo ni fedha ya mwenye shughuli. Mnunuzi anayesoma wati zilizobandikwa kwenye kasha bila kuuliza wepesi huo, amenunua namba badala ya sauti.

Tena muziki wenyewe una haki yake. Katika muziki wa dansi, uliolelewa na bendi kama NUTA Jazz tangu mwaka 1964 na Mlimani Park tangu mwaka 1978, magitaa husukana: solo, ridhimu na besi, kila moja likijibu jingine, na msikilizaji hutega sikio apate ujumbe wa mwimbaji. Konsonanti zinazotenganisha neno na neno ziko zaidi katika sauti za juu, hasa kati ya mitetemo 2,000 na 4,000 kwa sekunde. Besi ikizidishwa, konsonanti hizo humezwa, na utungo wenye hekima hugeuka kuwa ngurumo. Bendi ya waimbaji yahitaji spika safi za sauti za juu kabla ya makasha makubwa ya besi.

Katika ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya saruji tatizo hugeuka: sauti haitoki, bali hurukaruka. Tangu mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichunguza jambo hili kwa kuingiza mito ya viti katika ukumbi mmoja wa mihadhara na kupima jinsi mwangwi ulivyopungua. Funzo lake ni rahisi: vitu laini hunywa sauti. Mapazia mazito, magodoro yaliyosimamishwa ukutani, na watu wenyewe husaidia kuliko amplifaya mpya. Humo yafaa spika chache, zielekezwe kwa watu wala si kwenye kuta, na maikrofoni zikae nyuma yake ili zisipige mluzi.

Kuna pia wasiokuja kwenye shughuli. Usiku wenye utulivu ardhi hupoa kabla ya hewa iliyo juu yake, na sauti iliyokuwa ikipaa hupindwa kurudi chini. Hivyo katika nchi tambarare na juu ya maji ya mto hufika mbali sana kuliko mchana. Mgonjwa wa kijiji cha pili hupigiwa besi asiyoiomba. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015. Lakini sheria haiwezi kuwa na askari katika kila uwanja.

Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio lisikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hupunguzwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15; kwenye 106 hauzidi dakika 4. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kumbi na maonyesho yasipite wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15. Mpiga solo na fundi mitambo hukaa karibu na spika usiku baada ya usiku, na sikio likishaharibika kwa kelele haliponi.

Hivyo basi, mwenye shughuli asiulize wati ngapi, bali aulize: watu wangapi, wapi, na umeme wa namna gani? Mwenye bendi awekeze kwanza katika spika nyepesi, stendi ndefu na elimu ya fundi wake. Fundi naye atembee hadi safu ya mwisho kabla ya kugusa kitufe. Akiyasikia huko maneno ya mwimbaji waziwazi, vyombo vinatosha, hata kama ni vichache.