Ukuta wa Udongo Juu ya Chetambe

Mtajie mtu wa pwani mji wenye ukuta, naye atakujibu Gedi, au Pate, au atakupeleka mbele ya Ngome ya Yesu kana kwamba aliijenga babu yake, ilhali walioianza mwaka 1593 ni Wareno. Sisi tumezoea jiwe na chokaa. Kisichokuwa cha jiwe twakiita kijiji, na aliyekijenga twamwita mtu wa bara, basi yamekwisha. Leo nataka, kwa idhini ya wasomaji, kubishana na mazoea hayo, kwani nimerudi kutoka Matulo, upande wa Webuye na Bungoma, na niliyoyaona huko hayaninyamazishi.

Tulikuwa wanne: watatu wa Mombasa, na mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu. Baada ya sala ya alfajiri na chai tulishika njia ya Webuye, kisha tukaukabili mlima Chetambe kwa miguu. Watu wa umri wetu hawapandi mlima, hujikokota. Alhamdulillahi, tulifika.

Huko juu hapana mnara wala mlango wa nakshi. Pana handaki lililomezwa na nyasi, na tuta la udongo linalopinda kufuata duara, na mahindi yamesogea karibu. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Mji wa Kale, akatazama huku na huku, akasema, "Huu si mtaro tu?"

Mwenyeji wetu hakukasirika. "Mtaro huu, bwana, ulichimbwa kwa mkono, na udongo uliotoka ndani ndio uliokuwa ukuta. Kwetu huitwa lukoba. Humo walilala watu na ng'ombe wao. Mlango ulikuwa mwembamba, na usiku ukizibwa kwa magogo. Kwenu mji ni nini zaidi ya hayo?"

Hakuna aliyemjibu.

Ngome za namna hii, chingoba kwa wingi, zilikuwa nyingi katika nchi ya Wabukusu na jirani zao. Joseph Thomson alipopita Kabras mwaka 1883 alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Lakini Thomson hakuja peke yake. Alifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, aliyezijua njia za pembe za ndovu. Hapo ndipo swali linapotuuma: kuta hizi zilijengwa kumzuia nani? Zilimzuia Mmasai, na Mteso, na kila aliyetamani ng'ombe. Lakini wazee wa huko wanasimulia pia misafara iliyotoka kwetu, iliyonunua pembe na, ikipata mwanya, ikachukua watu. Tunapenda kusimulia jinsi biashara ile ile ilivyoufikisha Uislamu Mumias, hata Nabongo Mumia akasilimu. Ni kweli, na ni jambo la fahari. Hilo la pili hatulisimulii, wala halifutiki kwa kunyamaziwa.

Hata vita vya mwaka 1895 vilianza na bunduki. Silaha zilikuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu kutoka kwa watoro walioziuza. Askari wa Kisudani waliotumwa kuzirudisha wakauawa. Ndipo Hobley, mwakilishi wa Waingereza pale Mumias, alipokusanya jeshi la Wasudani, Waganda na wasaidizi wengine, akaivunja kwanza ngome ya Lumboka. Walionusurika wakakimbilia Chetambe. Ukuta uliozuia mkuki haukufua dafu mbele ya bunduki ya rashasha, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto. Adhuhuri tulisali kando ya handaki lile, na yule rafiki yangu wa mtaro hakusema neno mpaka tuliposhuka.

Watachoni na Wabukusu wanashindania fahari ya ngome hii, kwani Chetambe mwenyewe anatajwa kuwa Mtachoni. Mimi mgeni sina hukumu. Nafurahi tu kwamba kuna kitu kinachogombewa.

Ninachokiogopa ni jembe na mvua. Gedi ilianza kuchimbuliwa na Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 imeingia katika orodha ya UNESCO. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, kule Migori, zilitangulia mwaka 2018. Jiwe laweza kulala msituni miaka mia tano likimngoja mtaalamu. Tuta la udongo likilimwa misimu kumi, huyo mtaalamu atachimbua nini? Handaki liwekewe mipaka, lisilimwe, na wazee warekodiwe wangali hai. Na shule zetu za pwani, zinazopeleka watoto Gedi kila mwaka, ziwapeleke na huku.

Kuna na jambo moja la kwetu wenyewe. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapandisha wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo, ikamkamata Masinde, ikampeleka uhamishoni Lamu. Nimeshatembea Lamu na waongoza wageni mara nyingi, nikaonyeshwa misikiti, majumba na milango. Safari ijayo, inshallah, nitawauliza Masinde aliwekwa wapi.