Maumivu yasiyosemwa hayatibiki

Mficha maradhi, walinena wahenga, kilio kitamfichua. Methali hii niliifundisha darasani kwa muda wa miaka 37. Niliitungia maswali ya mtihani, nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu, na wanafunzi walioikamilisha vibaya nikawanyima alama. Hata hivyo, ndugu msomaji, sikuielewa barabara hadi mwezi wa Machi mwaka 2023, nilipolazwa hospitalini nikatiwa goti la bandia katika mguu wa kulia.

Huenda ukauliza, goti la mwalimu mstaafu linawahusu nini walimu na wanafunzi? Linawahusu sana, nami naomba unistahimilie mpaka mwisho, kwa maana safari yangu ilianzia wadini ikaishia darasani.

Goti langu lilikuwa limechakaa. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ili isikwaruzane, ilikuwa imelika kabisa, mfupa ukawa unasagana na mfupa. Nilimeza vidonge, nikachomwa sindano, nikashika mkongojo. Mwishowe hata kuvuka ua wa nyumba yangu ikawa kazi. Daktari aliponishauri nibadilishiwe kiungo, sikukubali kwa pupa. Nilisoma, nikauliza. Niligundua kwamba tiba hii si ya jana wala juzi. Mwezi wa Novemba mwaka 1962, daktari mpasuaji John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alianza kuwatia wagonjwa nyonga zenye tufe la chuma na kikombe cha plastiki ngumu, na njia hiyo ikaenea duniani. Magoti yalifuata baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kuwa magoti ya bandia zaidi ya manane katika kila kumi hudumu kwa miaka 25. Nikasema, naam, na nipasuliwe.

Upasuaji wenyewe sikuuhisi. Nilidungwa sindano mgongoni, miguu ikafa ganzi, nami nikawa nasikia tu milio ya vyombo kama niliye karibu na karakana ya seremala. Kisa hasa kilianza usiku, ganzi ilipoyeyuka. Mfupa ulikuwa umekatwa kwa msumeno, nyama na mishipa imesogezwa, na mguu mzima umevimba. Maumivu yalinijia kwa mafungu, na kila fungu lilikuwa zito kuliko lililotangulia.

Muuguzi alikuja na daftari lake. Akaniuliza, "Mwalimu, kutoka sufuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" Ukweli ni kwamba yalikuwa manane, pengine tisa. Nikamjibu, "Mbili tu, binti yangu. Haya si kitu." Akaandika mbili, akanipa vidonge vyepesi vilivyolingana na mbili, akaenda zake.

Kwa nini nilidanganya? Mimi ni mzaliwa wa Bungoma. Nilitahiriwa mwezi wa Agosti mwaka 1970. Alfajiri ile nilipakwa tope la mtoni, nikasimama katika ua wa baba yangu mbele ya umati, na agizo lilikuwa moja: usitikisike, usipepese jicho. Sikutikisika. Nilishangiliwa, nikapewa zawadi, nikaitwa mwanamume. Basi nikiwa na umri wa miaka 67, kitandani hospitalini, nilikuwa ningali nimesimama katika ua ule. Sikutambua kwamba umati ulikuwa umekwisha ondoka, na kwamba aliyebaki mbele yangu alikuwa muuguzi mwenye funguo za kabati la dawa.

Siitukani mila yetu. Ujasiri una mahali pake. Lakini kisu cha ngariba ni cha dakika moja, na goti la bandia ni la majuma na miezi. Isitoshe, maumivu haya yana kazi ambayo yanaweza kuizuia. Goti jipya halitengemai kwa kulazwa. Laanza kukunjwa na kunyoshwa mapema, na mgonjwa husimamishwa siku ile ile au siku ya pili. Asiyetulizwa maumivu hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi goti lake hukakamaa. Kumbe dawa ya maumivu ni ngazi ya kulifikia zoezi, wala si anasa ya mtu mlegevu!

Mimi niliisukuma ngazi hiyo kando. Niliporudi nyumbani siku ya nne, niliendelea na ushujaa wangu. Nilipewa dawa kali kiasi, nikaziweka kabatini, kwa sababu jirani mmoja alikuwa ameninong'oneza kuwa ukizionja umekuwa mraibu. Siku za mazoezi nilikunja goti kidogo, nikatoka jasho, nikaacha. Usiku sikulala. Mke wangu, kwa mapenzi mema, alinitilia mto chini ya goti, nami nikashukuru, maana mguu ulipata nafuu. Hatukujua kwamba goti linalolazwa limepinda hujifunza kupinda, na siku ya kulinyosha hukataa. Wageni nao walifurika. Huyu akaleta supu ya mifupa, yule akasema, "Mzee, usijisumbue, pumzika tu," na shangazi akachemsha maji akitaka kunikanda kigimbi. Namshukuru Mungu kwamba mke wangu alimzuia. Baada ya upasuaji wa namna hii damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu, na ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa ya kuizuia. Kigimbi kilichovimba na kuuma hakikandwi, huonyeshwa daktari.

Juma la sita nilirudi kliniki. Goti lilikunjika nyuzi 60 tu, ilhali kuketi kitini na kuinuka vizuri kunahitaji nyuzi 90 na zaidi. Daktari alinitazama, akaniambia kwamba hali isipobadilika itabidi nilazwe tena usingizi, goti likunjwe kwa nguvu. Nilitoka chumbani mle nimenywea.

Aliyeniokoa ni msichana mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinisomea rekodi zangu, akauliza mbona kila siku nilijibu mbili. Nikabaki kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanafunzi akikuletea karatasi tupu ilhali jibu analo kichwani, ungempa alama gani?"

Nikamjibu, "Sufuri."

"Basi na sisi tulikupa dawa kwa kadiri ya ulichotuandikia."

Nimefundisha maelfu ya watoto, lakini siku hiyo nilifundishwa mimi.

Tangu hapo tulianza upya. Nilisema nambari ya kweli. Daktari akanipangia dawa kwa saa, nikawa nazimeza kabla ya zoezi ili zinikute tayari, badala ya kungoja maumivu yapande mlimani ndipo nianze kuyafukuza. Mto ulihamishwa kutoka chini ya goti hadi chini ya kisigino. Barafu tuliifunga katika kitambaa, tukaiweka juu ya goti kwa muda wa dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Nilifanya mazoezi mafupi, asubuhi, adhuhuri na jioni. Nilijifunza kupanda ngazi kwa kutanguliza mguu mzima na kushuka kwa kutanguliza ule uliopasuliwa. Kwa kuwa choo chetu ni cha shimo na kuchutama kulikuwa hakuwezekani, fundi wa kijijini alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu na mahali pa kushikilia. Kiti hicho kilinirudishia heshima yangu kuliko hotuba yoyote. Mwezi mmoja baadaye goti lilifika nyuzi 95, na habari ya kulazwa tena ikafutwa.

Sidai kwamba dawa kali hazina hatari. Zina hatari. Huleta kichefuchefu, hufunga choo, na zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kumteka mtu. Marekani imepoteza watu wengi mno kwa sababu ya dawa za jamii ya afyuni zilizogawiwa ovyo. Lakini kuzitumia kwa siku chache, kwa kipimo cha daktari na kwa nia ya kuziacha, ni jambo jingine. Anayekataa jembe kwa kuwa limewahi kumkata mtu mguu atalala njaa.

Vilevile, si kila maumivu ni ya kuvumiliwa hata kwa dawa. Goti jipya litakuwa na joto na uvimbe kwa miezi kadhaa, na ngozi ya kando ya kovu huweza kubaki na ganzi. Hayo ni ya kawaida. Lakini homa, kidonda kinachotoa usaha, kigimbi kilichovimba, kifua kubana au pumzi kukatika, hayo si ya kusubiri kesho. Mgonjwa aliyezoea kusema "si kitu" atasema "si kitu" hata siku ambayo ni kitu.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Lugha yetu ya Kiswahili si maskini wa maneno ya maumivu. Kichwa huwanga, jipu hupwita, kidonda huchonyota, tumbo husokota, mguu hufa ganzi, jeraha likiguswa hutoneka. Mgonjwa anayesema kwamba goti linapwita usiku na linachoma likikunjwa amempa daktari habari mbili tofauti. Anayesema "naumwa tu" hajampa hata moja. Maneno haya tunayafundisha kama msamiati wa kupambia insha. Laiti tungewafundisha watoto wayatumie pia kuieleza miili yao!

Badala yake sisi huwafundisha kunyamaza. Msichana aliyejikunja dawatini kwa maumivu ya hedhi huambiwa aache kujidekeza. Mvulana aliyeteguka mguu uwanjani huambiwa mwanamume halii. Halafu tunashangaa wanapokua na kufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Nami nina deni langu, ambalo sijawahi kulitaja hadharani. Mwaka 1994 nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akikosa masomo mara kwa mara. Asubuhi moja yenye baridi aliniomba ruhusa aende kulala bwenini. Alisema mifupa inamuuma. Nilimtazama, sikuona jeraha wala uvimbe, nikaamua kwamba ni mvivu. Nilimpigisha magoti nje ya darasa juu ya changarawe kwa kipindi kizima. Hakulia, wala hakubisha. Alikuwa amekwisha jifunza kwamba kusema hakumfai kitu. Baadaye mamake alikuja shuleni, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mwanawe alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo, ambao uko kwa wingi katika maeneo ya magharibi na ya pwani ya nchi yetu, hufanya chembe za damu zipinde kama mundu na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake ya mifupa ni miongoni mwa makali mno anayoweza kuyapata binadamu. Baridi huweza kuyachochea.

Mama yule hakunigombeza. Nilimwambia "pole", naye akaitikia "ahsante, Mwalimu". Yule kijana alihamishwa muhula uliofuata.

Katika majuma yale ya kukunja goti langu nikikunja na uso, nilimkumbuka kila siku. Leo siwezi kupiga magoti. Wengi wenye goti la bandia hawawezi kupiga magoti kwa raha, na mimi ni mmojawao. Kila ninapoukumbuka mwili wangu unavyokataa, nakumbuka kwamba niliwahi kuulazimisha mwili wa mtoto mgonjwa.

Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kiliirekebisha fasili yake ya maumivu mwaka 2020. Miongoni mwa maelezo yake ni kwamba kauli ya mtu kuwa anaumwa yapasa kuheshimiwa, na kwamba asiyeweza kusema huenda anaumwa vilevile. Maneno hayo yanafaa kubandikwa katika kila ofisi ya walimu. Sisemi kwamba hakuna mwanafunzi anayejisingizia ugonjwa. Wapo, na hata mimi utotoni nilijisingizia. Lakini mwalimu akimwamini mwongo mmoja, hasara yake ni kipindi kimoja. Akimkanusha mgonjwa mmoja, hasara yake haina kipimo.

Kwa hivyo natoa rai. Mwalimu, mtoto akikuambia anaumwa, muulize wapi, tangu lini, na namna gani, kabla ya kumuuliza kwa nini hakumaliza zoezi. Mwanafunzi, ukiumwa sema, na useme kwa maneno kamili. Nawe mzee mwenzangu unayesubiri kupasuliwa goti au nyonga, muuguzi akikuuliza nambari, mpe nambari ya kweli, umeze dawa yako, kisha ukunje goti. Ujasiri wako ubakize kwa ajili ya zoezi.

Ama kwa kijana wangu wa mwaka 1994, ikiwa yu hai na anausoma ukurasa huu, namwomba radhi. Ulisema kweli, nami sikukusikia.